Tumefungwa na Nani?

Wapenzi wa lugha na malenga wenzangu, nina kesi na kitenzi kimoja. Kitenzi chenyewe ni "kupoteza". Kimeingia katika lugha ya mpira kwa mlango wa uani, kimekaa sebuleni, na sasa kinawatoa wenyeji nje. Mtangazaji anasema timu "imepoteza mchezo wake wa tatu mfululizo". Kocha anaulizwa imekuwaje, anajibu kwamba "tumepoteza, tunaangalia mechi ijayo". Shabiki naye, akirudi nyumbani na skafu begani, anamwambia mkewe mlangoni: tumepoteza. Hakuna anayeuliza walichopoteza wamekidondosha wapi.

Najua wapo watakaosema kwamba lugha hukua na kwamba neno likishasemwa na wengi limekuwa neno. Sina ugomvi na ukuaji. Goli, penalti, kona na refa ni maneno ya kuja, nami nayatumia bila haya, maana yalikuja na vitu vyake. Lakini "kupoteza mchezo" halikuja na kitu kipya. Ni tafsiri ya Kiingereza iliyovalishwa kanzu, nayo imekuja kukalia kiti ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe. Kibaya zaidi, imekuja na namna ya kuhuzunika ambayo inatuharibia mashabiki. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na mfano wangu nitautoa hapa nilipo, Singida.

Tarehe 2 Juni 2018, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Singida United ilicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Mtibwa Sugar ya Turiani. Kwa wasioijua timu ile, ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikifundishwa na Mholanzi Hans van der Pluijm aliyewahi kuifundisha Yanga, na nyumbani kwake kulikuwa Namfua, uwanja ambao siku hizi tunauita Liti. Mkoa wetu watu huujua kwa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na mawe makubwa yaliyolala kando ya ziwa Singidani na Kindai. Kuonekana kwetu katika fainali ya taifa hakukuwa jambo la kila mwaka. Aliyeshinda angepeperusha bendera ya nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika.

Mtibwa walitangulia kwa mabao mawili. Singida wakarudisha la kwanza, kisha la pili, ubao ukasomeka mbili kwa mbili. Anayejua mpira anajua maana ya kurudisha mawili katika fainali: moyo wa shabiki huwa umekwisha kuvuka mto, unaona ng'ambo. Halafu, zikiwa zimesalia dakika chache tu, Mtibwa wakafunga la tatu. Tatu kwa mbili. Kipenga.

Mimi sikuwa na nauli ya Arusha. Niliitazama fainali ile katika kibanda umiza kimoja mjini Singida. (Jina hilo, "kibanda umiza", nalihesabu miongoni mwa mafanikio makubwa ya ubunifu wa mtaani: mabenchi ya mbao, joto, msongamano, na juu ya yote timu yako inafungwa. Hakuna baraza la lugha lingeweza kuliunda.) Baada ya bao la tatu kulikuwa na kimya ambacho sijui nikifananishe na nini. Kisha maneno yakaanza kutoka, na kwa kuwa ugonjwa wangu ni lugha, niliyasikiliza maneno kabla sijayasikiliza machungu yangu.

Kijana wa mbele yangu alisema, "Tumepoteza." Mwingine, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimkatiza, "Tumepoteza nini? Tumeibiwa!" Na papo hapo nusu ya kibanda ikawa imeshika hilo la kuibiwa, refa akasomewa nasaba yake yote. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, kofia magotini, alisubiri kelele zipungue. "Wajukuu zangu," akasema, "tumefungwa. Tumefungwa na Mtibwa." Kijana wa mlangoni akamwambia kwa upole uliomgharimu, "Sawa, mzee, lakini inauma." Mzee akajibu, "Ndiyo. Kufungwa kunauma."

Sasa tazameni, wenzangu, jinsi vitenzi vile vitatu vilivyofanya kazi tofauti. "Tumefungwa" ni kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili inaacha nafasi nyuma yake, na nafasi hiyo ina mlango uitwao "na". Tumefungwa na nani? Sarufi yenyewe inauliza. Huwezi kukaa muda mrefu na neno hilo bila kumtaja aliyekufunga, na ukishamtaja umekiri kwamba alikuwapo, kwamba naye alikuwa na miguu, mapafu, na mama aliyemwombea dua asubuhi ile. "Tumeshindwa" vivyo hivyo: tumeshindwa na nani? Huzuni ya namna hii ina watu wawili ndani yake.

"Tumepoteza" haina mlango huo. Haisemeki "tumepoteza na Mtibwa". Mpinzani ametolewa kwenye sentensi, amebaki mwenye huzuni peke yake na kitu kisichojulikana kilikokwenda. Na kwa kuwa moyo wa binadamu haukubali kwamba kitu chake kimetoweka bila mkono wa mtu, nafasi ile iliyoachwa wazi lazima ijazwe. Anatafutwa mtu wa kuijaza. Anajazwa refa. Anajazwa kipa, tena mara nyingi kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye usiku huo hatalala. Anajazwa mwenyekiti, mganga, nyasi. Ndiyo maana pale kibandani "tumepoteza" haikukaa hata nusu dakika kabla ya kuzaa "tumeibiwa". Sidai kwamba waamuzi hawakosei. Wanakosea, na wengine tumewaona wakikosea wakiwa wamesimama hatua tatu tu kutoka kwenye tukio. Ninachosema ni kwamba lugha iliyomfuta mshindi haina pa kupeleka uchungu isipokuwa kwa mwizi.

Nimewahi kupingwa katika jambo hili na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sarufi, na hoja yake ina uzito. Alisema: bao la dakika za mwisho si kufungwa kwa kawaida. Ulikuwa umeshika kitu mkononi, na sasa hukishiki. Je, hapo "kupoteza" si neno la haki kuliko yote? Nilimjibu kwamba hapo hasa ndipo Kiswahili kinapokuwa tajiri, na ndipo tunapokionea. Kitu kikitoka mkononi bila kunyang'anywa, kwa utelezi wake au kwa ulegevu wa vidole vyako, kimekuponyoka; wewe umeponyokwa. Kitu kikitoka kwa sababu mwingine amekivuta kwa nguvu, umepokonywa. Kuponyokwa na kupokonywa: sikio la malenga linasikia mara moja jinsi konsonanti zilivyobadilishana viti, na kwa kubadilishana huko lawama nayo imehama kutoka kiganja changu hadi kiganja cha mwenzangu. Lugha iliyotengeneza jozi ya namna hiyo haina sababu ya kuazima.

Chukueni mchezo wa Taifa Stars na Zambia kule San Pedro, Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024. Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Zambia wakabaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko. Tukashika bao letu moja kipindi kizima cha pili hadi dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha. Matokeo yakaitwa sare. Na kwa kanuni ni sare, lakini mwulize Mtanzania yeyote aliyekuwa macho jioni ile kama alivaa sare na Mzambia. Huko ni kuponyokwa. Ushindi wa kwanza wa Tanzania katika fainali za Afrika ulitoka katikati ya vidole, mbele ya watu kumi.

Miaka minne na nusu nyuma yake, tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, ilikuwa habari nyingine. Tuliwaongoza Kenya mara mbili: Msuva akafunga, Olunga akarudisha, Samatta akafunga, Omolo akarudisha, kisha Olunga tena, dakika ya 80, tatu kwa mbili. Huko ni kupokonywa, na aliyetupokonya jina lake lilijulikana. Kilichonigusa usiku ule ni kwamba waliokuwa wakifurahi Nairobi na Mombasa walikuwa wakifurahi kwa lugha ile ile ambayo sisi tulikuwa tukiililia. Nilitamani mshairi mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao walumbane kwa tarbia, ubeti kwa ubeti, kama walivyokuwa wakilumbana watu wa pwani. Badala yake tulitumiana picha za kuchekana, na kesho yake zilikuwa zimesahaulika.

Nisionekane kwamba nawalaumu watangazaji peke yao. Watangazaji wa Tanzania wametupa baadhi ya misemo mizuri kabisa ya lugha hii, na mingi imezaliwa katika dakika hizi za mwisho ninazozizungumza. "Dakika za lala salama" ni msemo wa kishairi: dua ya usiku inayosomwa wakati mmoja wa wawili hatalala kabisa. "Bao la jioni" linasikika jua likizama ndani yake. "Dakika za majeruhi" zinawakumbuka walioumia, na shabiki hujihesabu miongoni mwao. Gazeti likiandika kwamba timu fulani "imelala" mbili kwa moja, limesema kitu kikubwa bila kukusudia, maana kinyume cha kulala katika Kiswahili ni kushinda: mtu hushinda kutwa na hulala usiku. Mshindi amemaliza mchana wake, mshinde amepewa usiku. Sisemi kwamba kushinda kwa siku na kushinda kwa mabao ni neno moja. Wanaisimu watanirushia kamusi. Lakini mshairi hana haja ya idhini yao ili asikie yanapogongana. Hata zile "suluhu" na "sare", moja kwa mchezo usio na bao na nyingine kwa mabao yaliyolingana, zinatofautisha amani na ulinganifu kwa namna ambayo lugha nyingi kubwa haziwezi. Hazina ipo. Tunachokosa ni watu wa kuchukua misemo hii ikiwa bado moto na kuitia katika kazi ndefu, ili isife na msimu.

Vivyo hivyo kwa majina ya maumivu yenyewe. Siku hizi shabiki aliyefungwa dakika ya mwisho hueleza hali yake kwa neno moja tu, "presha", kana kwamba moyo wa Mswahili hauna kingine ila mishipa. Presha ni neno la zahanati. Ile hali ya kukaa kwenye benchi baada ya kipenga, mwili mzito, mdomo mkavu, watu wanakupita nawe huoni, ina jina lake, nalo ni kihoro. Ikikaa siku tatu, ukawa unaoga na bao linajirudia machoni, ni jitimai. Ikigeuka kuelekea watu, ukawa unamjibu mtoto kwa ukali aliyekuuliza tu kama kuna chai, basi imekuwa nyongo. Mtu anayeweza kutenganisha vitu hivi vitatu kwa maneno anaweza pia, pengine, kujizuia kwenye kile cha tatu.

Ng'ambo kuna watu waliolijua hili. Tarehe 16 Julai 1950, Brazil walifungwa nyumbani kwao na Uruguay mbili kwa moja katika mchezo wa kuamua bingwa wa dunia, bao la pili likiingia dakika ya 79. Wabrazili hawakusema tu wamepoteza. Walilipa pigo lile jina, Maracanaço, kutokana na uwanja wa Maracanã, na neno hilo limekaa katika lugha yao hadi leo. Hata jezi nyeupe waliyovaa siku ile waliiacha, ikaja ya njano. Sisi mchezo wetu wa Arusha hatukuupa jina. Sijaona utenzi, sijaona shairi, sijaona hata wimbo wa kibandani.

Mtu ataniambia kwamba mpira ni mchezo, na kwamba bahari za ushairi wetu zisichafuliwe kwa mambo ya viwanja. Lakini ushairi wa Kiswahili umekuwa ukiandika kushindwa tangu ulipoanza kuandika. Al-Inkishafi inatazama fahari ya Pate ikiwa imeporomoka. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate zilipopigwa na Lamu pale Shela, uhasama ule ulikuwa pia wa washairi, na Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu kwa beti ambazo zimewazidi umri wapiganaji wote. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi, akawafundisha wanaume wa kizazi chake kwamba kilio kinaweza kuwa na vina. Na wanaodhani kwamba bara hatuna hisa katika mambo haya wamkumbuke Mathias Mnyampala, jirani yetu wa Dodoma, aliyetupa ngonjera. Ni utanzu gani unaofaa zaidi kwa shabiki na refa, kila mmoja na ubeti wake, mpaka mmoja amkubalie mwenzake?

Na kwetu Singida hili la kuandika lina uzito ambao huenda Dar es Salaam hauonekani. Simba na Yanga wakifungwa bao la jioni, kumbukumbu ina mahali pa kukaa: klabu ipo, rangi zipo, babu alikuwa mwanachama. Mei 28, 2023, Yanga walisawazisha dakika ya 82 dhidi ya USM Alger kwa bao la Mayele, wakafungwa tena dakika mbili baadaye, na mwisho wakalikosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya bao la ugenini ingawa walikwenda kushinda Algiers. Watoto wa Jangwani watasimuliwa hayo hata bila mshairi. Sisi je? Singida United ilishuka daraja mwaka 2020, na ikatoweka machoni. Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikaondoa jina letu na kuhamia Babati, na Ihefu ya Mbarali ikaja kwetu ikavaa jina la Singida Black Stars. Hii ya sasa imetupa furaha, ikatwaa hata Kombe la Kagame mwaka 2025, nami nimeishangilia kwa sauti yangu yote. Lakini mwambie kijana wa miaka kumi na tano pale Liti habari ya fainali ya Arusha, atakuuliza, "Singida ipi hiyo, kaka?" Klabu inaweza kuuzwa, jina likahamishwa kwa barua moja. Kihoro cha watu waliokuwa kibandani siku ile hakina ofisi wala leseni. Kisipoandikwa, hakikuwapo.

Kwa hiyo nimeona nisiishie kulaumu. Nimetunga beti mbili, mizani kumi na sita kwa mshororo. Sizitoi kama kielelezo. Nimezitoa ili kilio cha siku ile kiwe na pa kuanzia. Msomaji atambue kwamba "Singidani" hapa ni mji na ni ziwa pia.

Tulitoka Singidani, kwa nyimbo tukisifiwa,
Mbili zikawa wavuni, tukadhani tumeliwa,
Zikarudi mbili ndani, roho zikafufuliwa,
Lala salama kwa nani, sisi tuliochelewa?

Kipenga hakina kosa, mwamuzi hajatuua,
Tulidhani ni ruhusa, sare kuishangilia,
Mmoja kwa kujitosa, kimya kikatuingia,
Walotufunga ni hasa, nasi twajua kulia.

Mshororo wa mwisho ndio ulionichelewesha. Mara ya kwanza niliandika kwamba waliotufunga walibahatika, na mizani ilikubali, na vina vilikubali. Moyo wa shabiki ulifurahi sana. Nikakaa nao siku mbili, kisha nikaufuta, kwa sababu Mtibwa hawakubahatika. Walitangulia kwa mawili, wakarudishiwa yote mawili mbele ya watu, wakapata nguvu ya kutafuta la tatu katika dakika ambazo timu nyingi hujifungia nyumbani kusubiri muda wa nyongeza. Wao ndio walioivaa bendera. Hao ni hasa.

Nao wameonja. Mtibwa walishuka daraja mwaka 2024 kabla ya kurejea Ligi Kuu, na naamini Turiani, katikati ya mashamba yale ya miwa, kuna kibanda ambamo mtu alikaa na kihoro chake baada ya kipenga, akatafuta kitenzi. Kama kuna malenga Turiani au Manungu aliyeishangilia timu ile Arusha, mlango wa "na" nimeuacha wazi na jina lake nimelitaja. Ajibu kwa bahari ile ile, kati na mwisho, na kibwagizo asinihurumie.